Jina la Chuo Lilivyotoweka Kwenye Kona ya Ukurasa

Kwa wiki 11 majarida ambayo maktaba yetu ilikuwa imeyalipia hayakufunguka. Muda wote huo kaunta ilikuwa na jibu moja tu: mtandao unasumbua.

Chuo sitakitaja. Ni cha umma, kipo Tanzania Bara, na nimegeuza mambo mawili matatu ili niliofanya nao kazi wasitambulike. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha majarida ya kielektroniki. Kwa hiyo kila nitakapoandika "hatukujua", msomaji asome "sikujua" kwanza.

Wa kwanza kulalamika, kwa kadiri tulivyoweza kufuatilia baadaye, alikuwa mwanafunzi wa uzamili, muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyekuwa akija chuoni mwishoni mwa wiki. Alikuwa anaandika sura ya mapitio ya machapisho kwa ajili ya tasnifu yake, juu ya vidonda vinavyopata maambukizi baada ya upasuaji. Alifika kaunta kompyuta mpakato ikiwa wazi mikononi.

"Mwanangu, hii makala inanidai dola 30 na kitu. Wiki jana nilizisoma za jarida hilihili bure."

"Mtandao huo, mama. Unasumbua tangu asubuhi. Jaribu jioni."

Alijaribu jioni. Jumamosi iliyofuata alirudi, akajibiwa vilevile na mtu mwingine. Jumamosi ya tatu hakupita kaunta, na katika daftari letu la huduma siku hiyo ikaingia kama siku isiyo na malalamiko.

Nimeyarudia maneno ya yule mama mara nyingi kichwani, maana jibu lote lilikuwa humo. Ukurasa unaokudai dola ni ukurasa uliofika. Umetoka Amsterdam au London, umepita baharini, umeingia kwenye kompyuta yako na picha zake na kitufe chake cha kununulia. Mtandao ukisumbua kweli, hata bei huioni. Na aliposema wiki jana alisoma bure, alikuwa anatuambia kwamba kuna kitu kimebadilika kati ya Jumamosi mbili. Mkutubi aliyezoea kuhoji swali la msomaji angemshika hapohapo: ulikuwa wapi wiki jana, ukurasa unasemaje, nionyeshe. Ndiyo kazi tuliyosomea. Ila swali likija limebeba kompyuta, wengi wetu tuliacha kuhoji tukaanza kuomba radhi.

Kilichotokea ni hiki. Mchapishaji wa majarida hamjui mwanafunzi wetu kwa sura wala kwa jina. Anachokitambua ni namba ya anwani ya IP ambayo chuo kinaonekana nayo kikitoka kwenye intaneti. Ni kama mlinzi wa geti mwenye orodha ya namba za magari: gari lenye namba iliyomo kwenye orodha linapita bila kusimamishwa, lisilokuwemo linaelekezwa kwenye dirisha la malipo. Maktaba inaposaini mkataba, inampa mchapishaji namba zake, naye anaziandika. Mwanafunzi aliyeko nje ya chuo, tuseme yuko Sumbawanga kwa bando lake mwenyewe, anaingia kwanza kwenye seva ya proksi ya maktaba kwa namba yake ya usajili, na seva ile inamfuatia makala kana kwamba ameketi chumba cha kusomea.

Sasa chuo kilikuwa kimehama kampuni ya intaneti. Namba za zamani zilikuwa mali ya kampuni ya zamani, zikabaki kwake. Tukapewa mpya. Kwa wachapishaji wote gari letu lilikuwa limebadilishwa namba usiku mmoja, na hakuna aliyekwenda getini kusema. Proksi nayo ilikuwa nyuma ya namba hizohizo mpya, kwa hiyo wa ndani na wa Sumbawanga walifungiwa pamoja. (Chuo chenye fungu lake la namba kutoka AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti barani kwetu, huhama nalo kama mtu anavyohama na jina lake. Sisi hatukuwa nalo.)

Barua ya mabadiliko ilikuwapo. Kurugenzi ya TEHAMA iliisambaza mapema, kwa utaratibu, ikieleza kuwa huduma ya intaneti itaboreshwa na kwamba siku ya kuhama kutakuwa na usumbufu wa saa chache. Ilifika maktaba, ikasomwa, ikatiwa jaladani. Haikutaja anwani za IP popote. Wenzetu wa TEHAMA hawakujua kwamba kuna mikataba ya maktaba iliyofungwa kwenye zile namba, nasi hatukujua kwamba neno "kuboreshwa" lina namba ndani yake. Mkurugenzi wetu baadaye alisema kosa ni la TEHAMA, mkurugenzi wa TEHAMA akasema kosa ni la maktaba, na katika kikao kile kila mmoja alikuwa na nakala ya barua ileile mkononi kama ushahidi.

Lakini wiki 11 ni nyingi. Siku moja ningeielewa, hata wiki mbili. Kwa nini hatukuona?

Kwanza, vitu vingine vyote vilikuwa vinafanya kazi. Katalogi ilikuwa hai. Tunatumia Koha, programu huria iliyozaliwa katika maktaba za Horowhenua huko Nyuzilandi na kuanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Seva yetu ya Koha iko ndani ya jengo, haina haja ya namba za nje kwa msomaji aliye ndani. Vitabu viliazimwa, vikarudi, faini zikatozwa. Pili, Research4Life ilifunguka kama kawaida. Mpango huo, ulioanza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huzipa taasisi za nchi kama Tanzania majarida bila malipo, na kwetu ulikuwa unaingiwa kwa jina na nywila ya taasisi, wala si kwa namba ya IP. Tatu, makala za ufikiaji huria zilifunguka kwa yeyote, popote. Kwa hiyo ukimsikiliza mwanafunzi mmoja, mambo ni mazuri; ukimsikiliza mwingine, hakuna kitu. Kaunta ikahitimisha kwamba tatizo ni la mwanafunzi mwenyewe: simu yake mbovu, au hajui kutafuta. Yule wa pili akatumwa kwenye semina ya Jumatano ya "namna ya kutafuta majarida", ambako mwezeshaji alionyesha kwa kutumia HINARI. Ikafunguka vizuri. Makofi.

Kisha kuna ripoti za matumizi. Hili ndilo linalonikera mpaka leo, kwa sababu zilikuwa mezani kwangu. Wachapishaji wakubwa huhesabu matumizi kwa kanuni moja iitwayo COUNTER, na toleo lake la tano lilianza kutumika Januari 2019. Lina hesabu ya makala zilizosomwa, na lina hesabu ya walionyimwa, yaani waliogonga mlango wa jarida ambalo chuo hakijalilipia. Kila robo mwaka nilikuwa napakua ripoti hizo na kunakili jumla kwenye taarifa ya utekelezaji. Katika robo ile niliangalia hesabu ya walionyimwa, nikaona sifuri, nikafurahi. Nikafikiri hakuna aliyekosa kitu.

Sikujiuliza sifuri ile imetoka wapi. Mchapishaji humwandika mtu kwamba amenyimwa akiwa amemtambua kuwa ni wa chuo fulani. Asipomtambua kabisa, huyo ni mpita njia, hana daftari la kuandikwa. Wanafunzi wetu hawakunyimwa kwa mujibu wa ripoti, walikoma kuwapo. Ungelazimika kutazama safu ya pili, ya makala zilizosomwa, uone mstari unavyoteremka mpaka chini kuanzia mwezi wa kuhama. Nilijua kupakua ripoti, kuifungua kwenye Excel na kujumlisha. Katika fomu ya tathmini yangu ya mwaka, kipengele cha ujuzi wa kidijitali nilipewa alama za juu, na kwa vigezo vya fomu ile nilistahili.

Ndani ya wiki hizohizo, kwa bahati mbaya ambayo sasa inachekesha, tulifanya uchunguzi wa kuridhika kwa watumiaji. Tuliazima muundo wa LibQUAL+, kipimo kilichoanzia Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 2000 kwa ushirikiano na chama cha maktaba za utafiti za Marekani na Kanada, na ambacho chenyewe kilitokana na SERVQUAL ya wataalamu wa masoko iliyochapishwa mwaka 1988. Kina maswali 22 katika mafungu matatu: namna watumishi wanavyomhudumia msomaji, uwezo wa msomaji kujipatia taarifa mwenyewe, na maktaba kama mahali. Kila swali linajibiwa mara tatu: kiwango cha chini unachokubali, kiwango unachokitamani, na ulichokipata. Pengo kati ya majibu hayo ndilo ubora wenyewe. Ni kipimo kizuri. Tuliligawa dodoso lake mlangoni, kwa karatasi, kwa waliokuwa wanaingia. Waliojaza ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuja kusoma madaftari yao penye feni na umeme. Wakasema wahudumu wana lugha nzuri, viti vinatosha, wangependa mlango ufungwe saa nne usiku. Yule muuguzi hakuwamo. Aliyeshindwa kufungua makala akiwa nyumbani hapiti mlangoni. Matokeo yakapelekwa seneti, tukapongezwa.

Alikuwa wapi? Nilikuja kukutana naye baadaye, akanieleza bila kinyongo. Mwanafunzi mwenzake alimwelekeza Sci-Hub, tovuti iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan mwaka 2011 inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji. Alipata nyingi humo. Ila baada ya wachapishaji kuifungulia kesi Delhi, Desemba 2020, tovuti ile haikuendelea kuongeza makala mpya kama zamani. Kwa hiyo sura yake ilijaa machapisho ya miaka ya nyuma, na msimamizi wake akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba vyanzo vimechakaa. Msimamizi huyo hakujua, na muuguzi hakujua, na mimi sikujua, kwamba kalamu ile ilikuwa inasahihisha maktaba.

Aliyegundua si mimi wala mkutubi yeyote mwenye shahada. Ni msaidizi wa maktaba mwenye astashahada, kijana wa zamu ya jioni, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kupanga vitabu rafuni. Alikuwa amejifunza mambo ya kompyuta kwa kutazama video usiku, kwa bando la chuo, jambo ambalo aliwahi kuonywa kwalo kwa maandishi. Siku moja alinifuata ofisini.

"Shikamoo, bosi. Samahani, jina letu limeenda wapi?"

Sikumwelewa. Akanigeuzia skrini. Katika tovuti za wachapishaji wengi, ukiingia kutoka chuo chenye mkataba, kona ya juu huandikwa jina la chuo kilicholipia. Yeye alikuwa amezoea kuliona. Sasa kona ilikuwa tupu. Akafungua ukurasa mwingine unaoonyesha anwani ya IP unayotoka nayo, akaisoma kwa sauti, kisha akasema namba hii si ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha zamani juu ya ruta ya chumba cha kompyuta. Tangu aliponigeuzia skrini hadi hapo zilikuwa zimepita kama dakika nne.

Ningependa kusema tulirekebisha siku hiyohiyo. Kubadilisha namba kunahitaji kuingia kwenye akaunti ya usimamizi ya kila mchapishaji, au kuwaandikia kutoka kwenye barua pepe wanayoitambua. Tulipofungua, barua pepe iliyosajiliwa karibu kila mahali ilikuwa ya Yahoo, ya mtangulizi wangu, aliyestaafu na kurudi kwao. Wachapishaji hawakuwa wamekaa kimya hata kidogo. Taarifa zao zote, za mikataba, za matengenezo, na kutoka kwa mmoja wao hata ile ya kuuliza kwa nini matumizi yetu yameshuka ghafla, zilikwenda kwa mzee ambaye kwa wakati huo alikuwa anafuga kuku.

Nikampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mmenikumbuka."

Naye hakuwa na kinyongo. Akaniambia kuna kaunta buku la jalada jekundu, lipo kwenye kabati la chuma, rafu ya chini, nyuma ya magazeti yaliyojalidiwa. Tulilikuta. Ndani, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kadi za katalogi kwa mkono, kulikuwa na kila mchapishaji, kila akaunti, kila nywila, tarehe ya kila mkataba, na mbele ya kila mmoja anwani za IP za zamani. Yule mzee alikuwa ameujua mfumo wote kwa miaka, peke yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwenye makabidhiano yake ya kustaafu tulimdai funguo, kompyuta na kitambulisho.

Tuliandika kwa wachapishaji mmoja mmoja, na mikataba mingine ikapita kwa COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na utafiti unaojadiliana mikataba kwa niaba yetu. Baadhi walibadilisha ndani ya siku mbili. Mmoja alidai barua yenye muhuri. Mwingine alichukua wiki tatu, na wiki hizo nimezihesabu ndani ya zile 11.

Baada ya hapo tukaitwa kikaoni, na pendekezo la kwanza kutolewa lilikuwa, kama mtu angetarajia, mafunzo. Nilikuwa nimeshahudhuria mafunzo. Wengi wetu tulikuwa na vyeti ukutani. Mengi yalikuwa ya kutumia programu za ofisi, au ya siku mbili hotelini ambako mwakilishi wa mchapishaji anaonyesha namna ya kutafuta kwenye bidhaa yake, kwa intaneti ya hoteli isiyokatika. Waliokwenda walichaguliwa kwa cheo, kwa sababu kulikuwa na posho. Wa kaunta, ambao ndio wanaokutana na ukurasa unaodai dola, hawakwenda. Na katika mafunzo yote hayo hakuna mtu aliyewahi kuvunja kitu mbele yetu akasema: haya, tafuteni kimeharibika wapi. Tulifundishwa njia ikiwa nzima tu.

Zipo hoja za upande wa pili, na zimesemwa na watu ninaowaheshimu. Kwamba mkutubi si fundi wa mtandao. Kwamba tangu shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilipofunguliwa Makerere mwaka 1963, taaluma hii imekuwa ya kupanga maarifa na kumfikisha msomaji kwenye maarifa hayo, na ukianza kumdai mkutubi ajue ruta na proksi utapata fundi nusu na mkutubi nusu. Nakubali sehemu kubwa. Sikuwa na haja ya kujua kusanidi ruta. Nilihitaji kujua kwamba mkataba wangu umeshikwa na namba nne zenye nukta kati yake, ili nikisoma barua ya kuhama kampuni niinue simu na kuuliza: namba zetu zinabadilika? Swali moja. Lakini hulijui swali hilo mpaka uijue njia anayopita msomaji kutoka kwenye kidole chake hadi kwenye makala. Kumfikisha msomaji kwenye maarifa, kwa jarida la kielektroniki, ndiyo njia hiyohiyo.

Yaliyobadilika yalikuwa madogo, na mengi yalitoka kwa yule kijana. Aliandika ukurasa mmoja, ukabandikwa kaunta, una mambo ya kumuuliza msomaji kabla ya kusema lolote: ulikuwa wapi, umeingilia wapi, ukurasa unasema nini hasa, kona ya juu ina jina gani. Neno "mtandao" peke yake likakatazwa kuandikwa kwenye daftari la malalamiko. Kila Jumatatu asubuhi mtu wa zamu hufungua jarida moja kwa kila mchapishaji, mara moja akiwa ndani ya chuo na mara moja kwa simu yake kupitia proksi. Tukafungua barua pepe ya kitengo isiyo ya mtu. TEHAMA wakatuweka kwenye orodha ya wanaoulizwa kabla ya kuhama, siyo wanaoarifiwa baada.

Daftari jipya lilianza kutuaibisha mapema. Ndani ya mwezi wa kwanza tulijua kwamba ukurasa wetu wa kuingia kwa proksi haukuwa unafunguka vizuri kwenye simu ndogo, na simu ndiyo chombo cha wengi. Kwamba tasnifu kadhaa kwenye DSpace, programu tunayohifadhia kazi za chuo mtandaoni, zilikuwa zimefungwa kimakosa tangu zilipopakiwa. Na kwamba cheti cha usalama cha seva kilikuwa kinakaribia kwisha muda. Malalamiko yaliyoandikwa yaliongezeka sana. Mkurugenzi aliingiwa na hofu, akauliza kama huduma inazorota. Nilimjibu kwamba zamani hatukuwa tunasikia, akanitazama kama mtu ambaye hajashawishika.

Kijana yule hakupandishwa. Muundo wa utumishi haukuwa na mahali pa msaidizi wa astashahada anayesimamia proksi, na onyo lake la bando lilikuwa bado liko kwenye faili. Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye shirika moja lisilo la kiserikali, kwa mshahara ambao sikuweza kubishana nao. Kabla ya kuondoka alikaa na wa zamu ya asubuhi wiki nzima, akinakili kaunta buku la mzee kwenye faili la pamoja na kusahihisha kilichopitwa na wakati.

Muuguzi alihitimu, akiwa amechelewa muhula mmoja.

Na yupo mchapishaji mmoja ambaye, baada ya barua zetu tatu, bado anatuma taarifa zake kwa anwani ya Yahoo. Mzee akizipata huzipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp, chini yake ameandika, "Habari za kazi? Hii nadhani ni yenu."